Kupiga redio kwa kugonga mwezi ukiwa huku ikweta: yagi moja, wati 100 na bawaba

Wakuu habari za saa hizi. Hii ni kwa wale ambao leseni ya ham redio (redio ya ridhaa, ya kujifurahisha) mnayo tayari (Bongo ni TCRA, Kenya ni Communications Authority, Uganda UCC) na mna redio ya VHF yenye SSB (aina ya urushaji unaofika mbali kwa pawa ndogo) imekaa tu mezani inasubiri siku mtu atokee kwenye 144 MHz. Huko juu kuna mwezi. Unarusha mawimbi yako, yanaugonga, yanarudi chini na mtu wa Ujerumani au Japani anakusoma. Wengi wakisikia hivi wanawaza dishi kubwa kama nyumba na amplifaya ya kilowati, na zamani ilikuwa hivyo kweli. Siku hizi sivyo, na sisi wa ikweta tuna upendeleo mmoja ambao watu wa Ulaya hawana, nitaufikia.

Hesabu kwanza maana hesabu ndo inatisha watu. Mwezi uko wastani wa kilomita 384,400 kutoka hapa, ukija karibu kabisa ni kama 356,500 na ukienda mbali ni kama 406,700. Ukitumia 144 MHz, mawimbi kwenda na kurudi yanapoteza kama dB 252 (desibeli, kila dB 10 ni mara kumi), na hapo tayari tumeshahesabu kwamba mwezi wenyewe unarudisha kama asilimia 7 tu ya kile kinachoufikia. Sasa chukua redio ya wati 100, hiyo ni dBm 50 (desibeli juu ya miliwati moja). Yagi (antena ya fimbo nyingi kwenye mhimili mmoja) ya elementi, yaani fimbo, 10, boom, yaani huo mhimili, mita 5 na kidogo, inakupa kama dBi 14 (nguvu inayoongezwa na antena). Jamaa wa Ulaya mwenye yagi 16 zilizofungwa pamoja ana kama dBi 26. 50 jumlisha 14 jumlisha 26 ni 90, toa 252, anapokea -162. Kelele za anga kwake kwenye upana wa Hz 2500 ziko karibu na -140. Kwa hiyo we uko dB 22 chini ya kelele, sikio halisikii chochote hapo, lakini mfumo wa kompyuta wa Q65, wa kusoma ishara dhaifu, unasoma mpaka kama -27, yaani umebakiwa na dB 5 za mfukoni.

Geuza sasa upande wa pili. Yeye anarusha kilowati 1.5, karibu dBm 62, kwako anaingia kama -10. Umeona? Utamsikia vizuri tu wakati yeye anakutafuta kwa tochi. Stesheni kubwa ndo inabeba mzigo, kazi yako we ni moja, usizichezee zile dB 5, na mengi nitakayosema huku chini yanahusu hizo dB 5.

Na kwa hesabu hiyohiyo usihangaike kutafuta mwangwi wako mwenyewe, unatoka -34, haupo. Wala usipange na rafiki yako wa Moshi mwenye yagi moja kama yako mgonge mwezi, pigianeni simu.

Historia kidogo tu ili ujue ulipoingia. Tarehe 10 Januari 1946 jeshi la Marekani kule New Jersey walipata mwangwi wa kwanza kutoka mwezini, mradi uliitwa Diana, na mwezi uliofuata Zoltán Bay akaupata Hungaria. Julai 1960 ndo ham wa Marekani, pwani ya mashariki na ya magharibi, wakaongea kwa mara ya kwanza kupitia mwezi kwenye 1296 MHz. Miaka mingi baadaye ikabaki mchezo wa matajiri wa antena wanaopiga Morse mpaka Joe Taylor (kolsaini yake, yaani jina lake la redio, ni K1JT), yule mwanafizikia aliyepata Nobel 1993 pamoja na Russell Hulse kwa kugundua palsa (nyota ndogo inayotoa mawimbi kwa midundo) yenye nyota mwenza, akaandika programu ya WSJT mwaka 2001 na baadaye mfumo wa JT65. Q65 ikatoka 2021. Hizo ndo zimemfungulia mlango mtu wa yagi moja.

Sasa upendeleo wetu.

Mtu wa Helsinki mwezi ukiwa kusini kabisa anauona digrii moja hivi juu ya upeo basi, unachungulia unarudi. Sisi mwezi kila siku, mwezi mzima, mwaka mzima, unachomoza mashariki, unapanda karibu wima, unapita utosini au pembeni kidogo, unazama magharibi. Masaa kama 12 kila siku. Na kwa sababu unapita hivyo, huhitaji rota mbili za bei mbaya, moja ya kuzungusha na moja ya kuinua. Unahitaji bawaba moja tu. Chukua bomba, lilaze usawa wa ardhi kutoka kaskazini kwenda kusini juu ya nguzo mbili za mita 3 au zaidi, yagi ifunge katikati ya boom kwenye hilo bomba, elementi zikiwa zimelala sambamba na bomba. Ukizungusha bomba, yagi inaanzia mashariki, inapanda inaangalia juu, inashuka magharibi. Ndo njia ya mwezi hiyohiyo! Kilichobaki ni mwezi kuyumba kaskazini na kusini, ambako ndani ya mwezi mmoja unaweza kufika mpaka digrii 28 kila upande, hapo unalegeza nati moja unaigeuza boom kidogo kuelekea kaskazini au kusini, kila siku mara moja kabla hujaanza inatosha. Dar iko kama digrii 7 kusini, kwa hiyo kitaalamu bomba linatakiwa liinamishwe kidogo, upande wa kusini uwe juu, lakini kwa yagi yenye mwale mpana wa digrii 30 hivi hata usipoinamisha hutaona tofauti. Fundi grili yeyote anakutengenezea hii kitu kwa mchana mmoja, we mwambie unataka bembea ya antena, atacheka lakini atatengeneza.

Mwezi unatembea kama digrii 14 na nusu kwa saa, kwa hiyo kila nusu saa unatoka nje unasogeza kidogo, unafunga kamba, unarudi ndani. Kupima pembe tumia pimamaji ya simu, ilaze juu ya boom unasoma digrii. Dira ya simu usiiamini kabisa karibu na chuma. Njia nzuri ni jua: mchana elekeza yagi kwenye jua mpaka kivuli cha boom chini kiishe, kibaki kama doa na elementi zote vivuli vyake vimelaliana mstari mmoja, hapo yagi inatazama jua sawasawa. Sasa angalia programu ya WSJT-X, mtoto wa ile WSJT, inasema jua liko digrii ngapi saa hiyo, linganisha na pimamaji yako, weka alama kwa rangi kwenye bomba. Kazi imeisha, usiku hutahitaji kuuona mwezi, hata kukiwa na mawingu au mvua mawimbi ya 144 hayajali.

Kuna na bonasi ya ardhi. Mwezi ukiwa chini karibu na upeo, mawimbi yanafika kwako moja kwa moja na mengine yanadunda ardhini au majini mbele yako, yakikutana vizuri unapata mpaka dB 6 za bure, ni kama umefunga yagi nne. Antena ikiwa mita 6 juu, faida ya kwanza inakuja mwezi ukiwa kwenye digrii 5, halafu digrii 10 inapotea kabisa, halafu 15 inarudi. Ikiwa mita 3 ya kwanza iko digrii 10. Tatizo letu ni kwamba mwezi unapanda haraka, kwa hiyo dirisha hilo ni dakika chache kila mara, sio kama kaskazini ambako unachomoza umelala. Uwe umekaa mezani tayari.

Hapa watu wa pwani mtanisamehe. Nyie bahari iko mashariki, kwa hiyo bonasi mnaipata mwezi ukichomoza, na saa hiyo Ulaya bado hawajauona mwezi, wanaouona ni Wajapani, Wachina, Waaustralia. Wajapani wapo wengi na ni wavumilivu, watafuteni hao. Lakini stesheni nyingi kubwa ziko Ulaya na Marekani, na mwezi unapozama kwetu magharibi, Ulaya wote bado wanao na Marekani ya mashariki wanao juu kabisa. Kwa hiyo mwenye raha ni mtu wa Kigoma ambaye mbele yake magharibi ni ziwa tupu, milima ya Kongo ng'ambo inakula digrii moja mbili basi. Au mtu wa Kisumu. Ningekuwa na ndugu Kigoma ningehamishia antena huko.

Pwani wanaotaka Ulaya wasubiri mwezi uwe umepanda, bila bonasi. Sio mbaya, maana antena ikitazama juu inaacha kusikia kelele za mtaa, na kelele ndo adui namba moja mjini.

Kuhusu kelele. Hizi taa za LED za bei chee, chaja za simu, visimbuzi, inverta, na kontrola za sola, zote zinapiga kelele kwenye 144. Sola haswa. Fanya hivi: redio iendeshe kwa betri ya gari, fungua WSJT-X, angalia kale kamstari ka kijani pembeni kushoto kanakoonyesha kiwango cha sauti kwa dB. Andika namba. Nenda kazime meni swichi ya nyumba nzima. Rudi usome. Ikishuka dB 3 basi nyumba yako yenyewe inakula dB 3 za kusikia kwako, sasa washa breka moja moja mpaka umjue mchawi. Ikiwa ni kontrola ya sola, usiku paneli hazichaji kwa hiyo inanyamaza yenyewe, kwa hiyo chagua siku ambazo mwezi uko juu usiku. Ikiwa ni ya jirani, hapo ni diplomasia, mpelekee balbu nzuri kama zawadi.

Anga nayo ina kelele zake ambazo huwezi kuzizima. Kila mwezi kuna siku mbili tatu ambazo mwezi unapita karibu na kitovu cha kundi letu la nyota, ule mkanda mweupe wa nyota upande wa kusini, hapo kelele zinapanda vibaya mno. Na ukiwa mwezi mwandamo unakuwa karibu na jua, jua nalo linapiga kelele. Huna haja ya kukariri. Ndani ya WSJT-X kuna dirisha linaitwa "Astronomical Data", mle kuna mwezi uko wapi, joto la anga, na namba moja inaitwa Dgrd ambayo inajumlisha umbali wa mwezi na kelele za anga zote pamoja. Ikiwa -1 au -2 amka ufanye kazi. Ikiwa -5 lala. Mwezi ukiwa karibu na ukiwa mbali tofauti yake peke yake ni dB 2 na kitu, kwa mtu wa yagi moja hiyo ni tofauti ya kusikika na kutosikika.

Vifaa sasa, nitaenda haraka. Redio yoyote ya SSB ya wati 50 mpaka 100 yenye masafa ya kutulia. Kebo: tafadhali RG-58 achana nayo, mita 20 inakula karibu dB 4 kwenye 144, yaani wati zako 100 zinafika juu kama 40. LMR-400 au inayofanana nayo, na iwe fupi. Halafu priampu, ile wengine wanaita LNA, ikae juu kwenye antena sio mezani, kwa sababu kinachopotea kwenye kebo kabla ya priampu hakirudi tena. Kama pesa haipo anza bila hiyo kwa sababu tumeona wakubwa utawasikia tu.

Ila ukiweka priampu lazima uweke na sikwensa. Hiki ni kisanduku kinachopanga foleni: kwanza priampu itolewe njiani, kipande kidogo cha sekunde kipite, halafu ndo redio iruhusiwe kurusha. Bila hicho wati 100 zinaingia kwenye transista ndogo kama punje ya mchele na ndo mwisho wake. Na huku kwetu ambako umeme unakata katikati ya sentensi, hakikisha rilei (swichi ya umeme inayobadilisha njia) imefungwa kwa namna kwamba ikikosa umeme inabaki upande wa kurusha, priampu ikiwa pembeni. Muulize anayekuuzia swali hilo kabla hujatoa hela.

Redio yenyewe itachemka. Q65 inarusha pawa yote karibu dakika nzima, inapumzika dakika, inarusha tena, sio kama maongezi ya kawaida. Feni ya kompyuta ya zamani nyuma ya redio inatosha. Na wati 100 kwenye yagi usiache watoto wakae mbele yake ikiwa chini.

Kwenye laptopu weka WSJT-X, chagua Q65, sekunde 60, na kwa 144 tumia aina yake ndogo inayoitwa A. Andika kolsaini yako na grid yako (msimbo wa eneo ulipo): Dar ni KI93, Nairobi KI88, Mombasa KI95, Arusha KI86, Mwanza KI67. Saa ya kompyuta iwe sahihi ndani ya sekunde moja, hili sio mzaha, kwa sababu programu inategemea dakika zianze pamoja dunia nzima na mawimbi yenyewe yanachukua sekunde 2.5 hivi kwenda na kurudi. Tumia programu ya kusawazisha saa kwa intaneti, na bando likiisha kipokeaji kidogo cha GPS kinafanya kazi hiyohiyo.

Doppler, yaani masafa kubadilika kwa sababu ya mwendo: dunia inazunguka, na ikweta ndo inazunguka kwa kasi kuliko kote, kwa hiyo mwezi ukichomoza mwangwi wa kwetu unapanda mpaka kama Hz 440 juu kwenye 144, utosini unakuwa karibu na sifuri, ukizama unashuka hivyohivyo chini. Programu inarekebisha yenyewe ukiiunganisha na redio kwa kebo ya USB. Kwenye 1296 inafika kilohezi 4, lakini huko ni mambo ya dishi, siku nyingine. Ila kama una dishi la zamani la mita 3 limelala nyuma ya nyumba usiliuze chuma chakavu.

Wiki za kwanza sikiliza tu. Mawasiliano ya 144 yanafanyika kati ya 144.100 na 144.160. Watu wa mwezi wana chat zao kwenye intaneti wanapotangaza wako frikwensi gani na wanarusha dakika ya shufwa au ya witiri, ingia usome. Kwenye skrini usitegemee kitu kikubwa, utaona kamstari kembamba kamekatikakatika, kanafifia, kanarudi, mara nyingine hukaoni kabisa halafu dakika ikiisha programu inakuandikia meseji nzima na -19 pembeni. Mara ya kwanza utadhani inakudanganya.

Kuna dakika utamsoma vizuri halafu robo saa nzima hakuna kitu. Sio kifaa chako. Ionosfia, lile tabaka la juu la anga lenye chaji za umeme, inayazungusha mawimbi, yanaondoka yamelala yanafika yamesimama, na yagi iliyolala haiyaoni. Yatazunguka tena. Mbaya zaidi inawezekana yeye kwako anafika sawa na we kwake hufiki, au kinyume chake, kwa saa nzima. Na jioni baada ya jua kuzama mpaka karibu usiku wa manane, hasa Machi na Aprili na tena Septemba na Oktoba, ionosfia ya juu ya ikweta inachafuka, ishara inatetemeka ovyo. Panga yako iwe alfajiri ukiweza.

Kumuita mtu: andika kolsaini yake na grid yake kwenye visanduku, hii inaisaidia programu maana inajua inatafuta maneno gani, inasoma dhaifu zaidi. Kama yeye anarusha shufwa we rusha witiri. Meseji ya kwanza ina kolsaini zenu na grid yako. Akikusoma atakupa ripoti ya nguvu ya ishara yako, mfano -24, we unamrudishia R (nimepokea) na ripoti yake, mfano R-12, yeye RRR (nimepokea yote), we 73 (kwaheri). Ndo imekamilika. Rudia meseji ileile dakika hata 20 usiibadilishe, kwa sababu upande wake programu inajumlisha marusho kadhaa yanayofanana mpaka meseji ijitokeze, ukibadilisha katikati umemrudisha mwanzo. Na kwenye chat usimwambie ripoti wala "nimekupata" kabla hamjamaliza, panga naye muda na frikwensi tu, mengine yapite mwezini, la sivyo hujaongea kupitia mwezi, umechati.

Ukitangaza kwamba kolsaini yako inaanza na 5H (Tanzania), 5Z (Kenya), 5X (Uganda), 9U (Burundi), 9X (Rwanda) au 9Q (Kongo) utashangaa. Nchi zetu hazisikiki sana kwenye mwezi na wapo watu wenye yagi 16 wanaamka saa tisa usiku kwa ajili ya prifiksi (herufi hizo za nchi) moja mpya, watakusubiri hata saa nzima, we usiwakimbie.

Ukishapata kadhaa utataka kuongeza kitu. Watu wengi watakushauri yagi ya pili kwanza. Rudi kwenye hesabu: mtu wa yagi nne, na hao ndo wengi, ana dBi 20 hivi, kwako anafika -16 lakini we kwake -28, umemkosa kidogo sana. Yagi ya pili inakupa dB 3, unakuwa -25, unasomeka kwa shida. Amplifaya ya wati 400 inakupa dB 6, unakuwa -22. Kusikia hujawahi kukosa, unachokosa ni kusikika, kwa hiyo kama leseni yako inaruhusu pawa hiyo, isome vizuri, hela ya kwanza iende kwenye amplifaya na usambazaji wake wa umeme. Kama hairuhusu, basi ni yagi ya pili kwenye bomba lilelile, nguzo ziongeze unene kwanza maana upepo wa Agosti pwani hauangalii hesabu.